Kamera Inayovuta Mara Thelathini

Niliuza kamera Kariakoo miaka saba, kabla simu hazijaiua biashara ile, na sikumbuki mteja aliyeniuliza swali la maana. Wote waliuliza moja tu: "Inavuta mara ngapi?" Ukimwambia mara tatu, anakunja uso na kuhamia duka la jirani. Ukimwambia mara thelathini, anamwita mwenzake aje aone. Siwalaumu, maana mimi ndiye niliyewazoesha hivyo.

Nilikuwa na mchezo wangu. Mteja akishika ile kamera ndogo ya mfukoni yenye lenzi ya kuvuta mbali, namtoa nje mlangoni, saa sita mchana, jua la utosi. Namwambia aielekeze kwenye kibao cha matangazo juu ya ghorofa la mtaa wa pili, halafu abonyeze. Lenzi inatoka, inazidi kutoka, mpaka anasoma namba ya simu iliyoandikwa pale chini kwa herufi za sisimizi. Anacheka peke yake. "Kamera inavuta, kaka," namwambia, "huna haja ya kusogea." Hapo biashara imekwisha. Sikuwahi kumwambia mtu aijaribu ndani, nyuma ya rafu, kwenye taa yetu moja.

Nilijua sababu. Kamera zikisumbua nilizipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Mchafukoge, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa mjini, aliyekuwa na meza yake chini ya ngazi za ghorofa. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Umeniletea takataka gani leo?" Yeye ndiye aliyenionyesha namba mbili zilizoandikwa kwenye mdomo wa lenzi. Ya kwanza inakwambia tundu la mwanga lina upana gani kabla hujavuta. Ya pili, upana uliobaki ukivuta mpaka mwisho. Namba ikiwa kubwa, tundu ni jembamba. "Kitambaa ni kile kile," alisema. "Wanataka koti dogo na wanataka mikono mirefu. Sasa kifua kitabana. Mwanga utapita wapi?"

Dukani nilikuwa na kamera nyingine ya kuvuta mara tatu tu, lakini tundu lake lilikuwa pana ajabu, inapiga picha hata gizani chini ya zile ngazi za mzee. Ilikaa rafuni mwaka mzima ikila vumbi. Mzee alinisihi niichukue iwe yangu. Nikamcheka.

Mwaka huo dada yangu alikuwa anakufa. Ndiye aliyetangulia kutoka kusini, ndiye aliyenipokea, na kwa miaka minne nililala sakafuni kwenye chumba chake Ilala huku yeye akikaanga mihogo barazani ili mimi nile. Uvimbe ulianzia kwenye titi. Akaficha, kama wanawake wengi wanavyoficha, na alipousema tayari ulikuwa umepasuka. Hospitali walimrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu.

Jumapili moja alimtuma binti yake aniite. Nilipofika hakuzunguka. Alitaka picha. Kwenye misiba yetu msalaba hutangulia, picha ya marehemu hufuata, ndipo jeneza. Mwezi uliopita alikuwa amezikwa jirani yake, na picha iliyobebwa ilitolewa kwenye kitambulisho, ikakuzwa mpaka sura ikawa vidoadoa.

"Mimi msinitoe kwenye kitambulisho," alisema. "Kile kitambulisho nilipiga nimetoka kugombana na mwenye nyumba. Nina mdogo wangu anauza kamera. Nataka watu wanione ninavyowaangalia."

Nilimwambia hilo si la kuniomba. Nililimaanisha.

Kesho yake nilisimama mbele ya rafu yangu na kamera zote mbili zikaniangalia. Ile ya tundu pana ningepaswa kuichukua. Chumba cha dada kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, mchana kutwa mle ndani ni magharibi. Lakini ile haivuti. Ili sura yake ijae kwenye picha, ingebidi nipige magoti kando ya kitanda, uso wangu karibu na wake. Nikachukua ya mara thelathini. Nikajiambia ndiyo ya bei kubwa, na dada anastahili ya bei kubwa. Watu wa Kariakoo tunajua kudanganya wateja, na mteja rahisi kuliko wote ni wewe mwenyewe.

Chumbani binti yake alikuwa amefukiza udi, lakini udi haukufua dafu. Harufu ya kile kidonda ilikupokea mlangoni. Dada alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amevishwa gauni la kanisani na kilemba cha kitenge cha bluu. Alikuwa amejiandaa. Nilipiga ya kwanza kwa flashi, akafumba macho. "Zima huo moto wako, unanichoma." Nikazima. Akaniangalia, akatabasamu kidogo, upande mmoja, kama alivyokuwa akinitania zamani.

"Sogea basi, mdogo wangu."

Sikusogea. Nilibaki mlangoni, bega kwenye fremu ya mlango, nikavuta. Sura ikaja mpaka ikajaa kwenye kioo kidogo cha nyuma. Nikabonyeza, kamera ikachelewa kufunga, nikabonyeza tena, tena. Kwenye kile kioo kidogo cha ukubwa wa kiberiti kila kitu huonekana kizuri.

"Nimetokaje?"

"Umetoka vizuri, dada."

"Niletee nione."

"Nitakuletea ikishasafishwa, kubwa kabisa."

Alifariki Alhamisi, kabla sijaipeleka picha kusafishwa. Niliipeleka studio siku hiyo hiyo, na kijana wa mashine alipoikuza aligeuza kompyuta nione. Kilemba cha bluu kilikuwepo. Chini yake palikuwa na kitu kimetelezateleza kama uji uliomwagika. Macho hayakuwepo. Nilimwambia afungue nyingine, na nyingine. Zote tisa za bila flashi zilikuwa hivyo, na ile moja ya flashi alikuwa amefumba macho.

Tulimzika na picha ya kitambulisho. Binti yake aliibeba ile picha ya vidoadoa kifuani, dada yangu amenuna ndani yake, anamkasirikia mwenye nyumba mpaka makaburini. Chini ya turubai nilimsikia shangazi akisema taratibu, "Na mdogo wake ni muuza kamera, jamani." Hakusema kwa ubaya. Mganga hajigangi, mmoja akamjibu, na wakaendelea kupokezana sahani. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijapata pa kuiweka.

Baada ya matanga nilikwenda Mchafukoge na ile kamera. Nilitaka aniambie ni mbovu. Nilikuwa na hasira naye, naye hajanikosea lolote. "Lenzi ya hii haifai," nilisema, nikaibamiza mezani. "Imeniharibia picha ya mwisho ya dada yangu."

Mzee alinipa pole kwanza, kisha akaiwasha. Aliifungua picha, akabonyeza kitufe ambacho wateja wangu hawakijui, na pembeni ya sura iliyofutika zikatokea namba ndogo. Kamera huandika kila ulichofanya.

"Haina kosa," alisema. "Hapa umevuta mara kumi. Tundu limebana, imebidi ikae wazi muda mrefu kutafuta mwanga, na ukivuta hivyo hata pumzi yako inaitikisa." Akavua miwani. "Hiki chumba kina ukubwa gani?"

"Hatua nne."

"Ungeacha kuvuta ukaenda kitandani, hata hii ingempata. Bila kuvuta, tundu lake si baya." Hakuwa ananilaumu, alikuwa anafundisha kama siku zote. "Au mgonjwa hakutaka usogee?"

"Aliniambia nisogee."

"Ukamjibuje?"

Nilitazama ile meza yake, bisibisi zake ndogo, kamera za watu zimefunguliwa matumbo. Nilitaka kudanganya, nikashindwa.

"Nilimwambia hivi: kamera inavuta, dada. Sina haja ya kusogea."