Musemaji aliyemalizia filme yangu

Leo muntu mmoja amemalizia filme yangu mbele ya batu, bila kuniuliza.

Ni filme niliyotengeneza kwa masomo yangu: dakika tisa, kimya kabisa, mikono ya Maman ikianika sambaza, bale samaki badogo, kule kisiwa cha Nkombo. Basi.

Niliipeleka kwenye salle ya video ya Kamembe, nyumba ya kuonyesha filme. Iko na musemaji, yule anayetafsiri filme za kigeni kwa mikro. Kuona kimya, akafikiri ni kazi yake.

"Huyu maman anangojea bwana yake. Alienda kuvua."

Hajui kama Papa yangu alizama ziwani, hakurudi.

Mwisho akapaza sauti: "Na asubuhi, bwana akarudi!"

Batu bakapiga makofi.
Nikageuka.
Maman naye alikuwa anapiga.

Nilikunja waya ya mashine ya filme tu.

Sasa Maman anaomba niweke ile sauti ya musemaji ndani ya filme. Mungemujibu nini?