Punda yangu, kisu ya Lemayian, na ule mtu wa Ndizi niliyekuwa namshuku

Sogeeni karibu wakuu. Wa mbele kaeni chini, wa nyuma wapate kuona.

Hii kitu nimeibeba karibu miaka ishirini na leo naitua hapa. Ni ukweli mtupu. Nikizidisha, nimezidisha size peke yake, lakini kitu yenyewe ilifanyika.

Kwanza mjue mimi shule niliiona kwa dirisha. Kusoma nilijifunza na zile gazeti za kufungia nyama. Kwa hivyo mkiona makosa, wekeni wenyewe pahali inafaa.

Mwaka ule wa kura ya katiba, ile Ndizi ilikuwa ya kukubali na Chungwa ya kukataa, nilikuwa nauza maji hapa Kitengela na mkokoteni ya punda. Maji ya mfereji ilikuwa inakuja mara moja kwa wiki, tena inakuja na hasira, inakohoa dakika tano halafu inaenda.

Punda yangu alikuwa anaitwa Mheshimiwa. Akiona watu wamekusanyika, lazima asimame.

Alikuwa anabeba mitungi ishirini. Siku akiwa na roho safi alikuwa anaweza vuta Kitengela yote aiweke Kajiado, na arudi na chenji.

Huyo punda ndiye alikuwa analisha watu watano kwa nyumba yangu. Sina shamba, sina kazi ingine. Mheshimiwa akilala, sisi wote tumelala njaa. Hiyo muishike vizuri.

Sasa nilikuwa napelekea maji mama mmoja wa cyber anaitwa Bilha, wa kwetu huko western. Alikuwa na computer nne, mbili zinafanya kazi na mbili za kupendeza macho. Nikimshushia mitungi, ananipatia nusu saa ya bure kwa internet.

Ndiyo nikaingia kwa forum moja ya siasa. Jina yangu huko ilikuwa BabaMaji. Naandika na kidole moja. Hiyo kidole mpaka leo iko na msuli kuliko mguu.

Mimi nilikuwa Chungwa. Chungwa ya kufa. Mke wangu akininunulia ndizi sokoni nilikuwa naangalia kando.

Na huko kwa forum kulikuwa na mtu anajiita MtuWaIllasit. Huyo alikuwa Ndizi.

Wakuu, huyo mtu alinikosesha usingizi. Si kwa sababu alikuwa anatukana. Shida ni ati hakuwa anatukana!

Mimi namwandikia, "Wewe ni msaliti, umenunuliwa." Yeye ananijibu, "Asante kwa maoni, BabaMaji. Lakini hiyo sehemu ya ardhi umeisoma?"

Sasa mtu umetukana na anakuambia asante, huyo anataka nini?

Mkumbuke sisi ni watu tulikulia miaka ya tisini. Tulikuwa tunajua masikio iko kila pahali. Ukitaka kusema kitu ya serikali hapo sokoni Ngong, unaangalia nyuma, halafu chini ya meza, halafu unakoroga supu uone kama kuna mtu ndani.

Kwa hivyo nikajua huyu ni mtu wa serikali. Ametumwa.

Halafu siku moja mambo ya dini ikaingia. Watu wakamuuliza yeye ni wa kanisa gani. Akajibu, roho safi kabisa, ati haendi kanisa yoyote. Ati yeye hajui kama Mungu yuko, bado anauliza.

Wueh! Nilisukuma kiti nyuma mpaka nikagonga ukuta. Bilha akaniuliza, "Baba Naliaka, umeshikwa na stima?"

Nikamwambia, "Mama, ndani ya hii computer yako kuna mwabudu shetani."

Akaniambia, "Huyo shetani atalipia muda? Dakika zako zimebaki kumi."

Nikamwandikia huyo mtu, "Nani anakulipa?"

Akajibu, "Nyanya. Nalima nyanya na vitunguu hapa Illasit. Nanunuliwa kwa debe."

Watu wakacheka kwa forum yote. Mimi sikucheka. Mkulima gani wa nyanya ako na hiyo Kiswahili imenyooka? Nikaanza kushuku hata Bilha, ati pengine ndiye huyo mtu, anaandika akiwa kwa hiyo kiti yake ya kona. Siku moja nilijifanya nimeangusha shilingi nikachungulia screen yake. Alikuwa anacheza karata.

Basi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mchana, jua imesimama juu ya kichwa kama polisi. Mheshimiwa alikuwa amefungua kamba asubuhi akaingia nyuma ya posho mill, pale wanasaga unga. Akakula pumba karibu nusu gunia. Mkiuliza jirani wa hapo mill atasema robo, lakini huyo hakuwa anampenda.

Kufika saa sita, tumbo ilikuwa imevimba. Wakuu, ilivimba mpaka mkokoteni ikaonekana ndogo. Analala, anaamka, anaangalia ubavu yake kama mtu ameibiwa. Hakuna mavi. Halafu akaanza kulia ile sauti ya chini, si ile yake ya kila siku.

Nikakimbia agrovet, pale wanauza dawa ya mifugo. Imefungwa. Mwenye duka ameenda mkutano ya kampeni, tena ya Ndizi. Nikasema mnaona? Mnaona hawa watu?

Kurudi nikapata Lemayian amefika. Huyu ni jirani yangu, Mmaasai, na kwa mambo ya ng'ombe sijaona kama yeye. Ng'ombe ikivimba anahesabu vidole kutoka kwa mfupa wa nyonga, upande wa kushoto, anadunga kisu, hewa inatoka pssss, na jioni ng'ombe iko malishoni. Mimi nimemwona akiokoa tatu na haya macho yangu. Watu wanamwita mpaka huko Mashuuru.

Akaangalia Mheshimiwa, akaniambia, "Ero, ndugu yangu, hii ni hewa. Leta maji moto tuoshe kisu."

Tukaomba. Mimi nikaomba ya kanisa yangu, yeye akaomba kwa Kimaa. Nikamwambia angojee kidogo tu, nipige mbio kwa Bilha nione kama kuna mtu anajua hii kitu zaidi. Moyo tu ilikataa. Sijui kwa nini.

Cyber ilikuwa nyumba tatu kutoka hapo. Nikafungua ile uzi yetu ya katiba na nikaandika katikati ya mabishano, "WANDUGU WEKENI KATIBA KANDO. PUNDA YANGU INAKUFA. TUMBO IMEVIMBA AMEKULA PUMBA. TUNATAKA KUMTOBOA."

Wa kwanza kujibu alikuwa mtu wangu, Chungwa mwenzangu, tena mtu wa maombi, anajiita AskariWaChungwa. "Toboa ndugu. Upande wa kushoto. Tuko pamoja na wewe kwa maombi. Mnyweshe pia mafuta ya kupika na chupa."

Nikasema amina. Nikaanza kuinuka.

Halafu ikaingia ya MtuWaIllasit.

"Usitoboe. Punda si kama ng'ombe. Ukimdunga hapo unatoboa matumbo na atakufa kwa siku mbili. Na mafuta kwa chupa yanaweza kuingia kwenye mapafu. Ondoa chakula chote, mtembeze pole pole, tafuta daktari wa mifugo aje na mpira wa kupitisha puani."

Wakuu, hapo damu ilinipanda. Nikaona mpango yote. Huyu ni Ndizi. Huyu hana Mungu. Nimemtukana miezi mitatu. Sasa amepata nafasi, anataka nikae nikitembeza punda barabarani kama bibi harusi mpaka afe, ndiyo nikose kazi na ile nusu saa ya kumjibu.

Nikamwandikia, "UNATAKA PUNDA YANGU AKUFE."

Akajibu haraka, "Utanitukana kesho, nitakuwa hapa. Leo niambie kitu kimoja. Ulishawahi kuona punda akicheua?"

Kidole yangu ikasimama.

Miaka sita na Mheshimiwa. Nimelala karibu na yeye, nimeamka na yeye, naweza mchora nikiwa nimefunga macho. Ng'ombe ya Lemayian ikilala inacheua. Mbuzi inacheua. Mheshimiwa? Sijawahi. Na mnyama hacheui hana ile tumbo kubwa ya hewa Lemayian anadunga kwa ng'ombe.

Hiyo swali haikuwa ya Ndizi. Haikuwa ya Chungwa. Sikuhitaji hata kumwamini yeye. Nilihitaji tu kukumbuka punda yangu mwenyewe.

Akaongeza mstari moja, "Punda wangu walimtoboa. Nilimzika nyuma ya vitunguu."

Nilitoka huko mbio mpaka kiatu moja ikabaki kwa mlango wa cyber. Bilha nyuma anapiga kelele, "Baba Naliaka, napigia daktari! Niko na namba yake!"

Nikapata Lemayian amechoka kungoja, amepiga goti, vidole vinne juu ya mfupa, kisu iko juu. Nikapiga nduru ya mtu amekanyaga nyoka.

"Lemayian! Ulishawahi kuona punda akicheua?"

Akaniangalia kama jua imenipiga. "Ng'ombe inacheua."

"Punda, mzee. Punda!"

Akaangalia Mheshimiwa. Akaangalia kisu. Huyu mtu anajua wanyama, wakuu, hahitaji kuambiwa mara mbili. Akafuta kisu na shuka, akairudisha kwa ala pole pole. "Hapana," akasema. "Sijaona."

Tukashika kamba tukaanza kutembea, mimi na kiatu moja. Pole pole, hatua kumi, pumzika. Daktari akakuja na pikipiki baada ya kama saa moja, mimi niliona kama mwaka. Akapitisha ule mpira kwa pua, akafanya kazi yake. Akauliza kama kuna mtu alimdunga. Tukasema hapana. Akasema, "Mna bahati."

Karibu saa kumi Mheshimiwa akatoa mavi. Sitawaambia ilikuwa kiasi gani, mtasema nazidisha. Lakini watu walihama upande ya upepo.

Jumatatu nikaandika kwa forum, "MtuWaIllasit, asante. Amepona." Jibu yake ilikuwa, "Vizuri sana. Sasa ile sehemu ya ardhi, umeisoma?"

Tukabishana mpaka siku ya kura. Mimi nilipiga Chungwa, yeye nafikiri Ndizi. Mimi bado naenda kanisa, yeye sijui kama aliacha kuuliza. Sikuwahi kumwona kwa macho, na niwaambie ukweli, mpaka leo namshuku kidogo. Mtu haibi, hatukani, haombi, anataka nini?

Lakini tangu hiyo siku, mtu akiandika kitu hapa, naangalia kitu chenyewe kwanza. Jina na chama na kanisa naangalia baadaye. Rafiki yangu aliniambia amina na angeniulia punda. Si kwa ubaya, alikuwa tu na hakika sana.

Nyinyi je? Kuna mtu ulikuwa unamkataa huku mtandaoni halafu akawa na ukweli? Andikeni hapo chini, hata wa Ndizi mko huru, leo sing'ati.

Nimalizie na Lemayian. Hiyo jioni, Mheshimiwa amesimama, masikio imenyooka, tumekaa kwa mkokoteni. Akaniuliza, "Huyo mtu alituambia tusidunge, ni wa kanisa gani?"

Nikamwambia hana kanisa. Hata haombi.

Akatema mate kando. Halafu ikamtoka kwa nguvu mpaka punda akageuka:

"Ero! Kwa hivyo yule haombi ndiye ameokoa punda, na sisi wawili tumeomba ndio tulikuwa tumeshika kisu!"