Pedi ya Kaka

Mimi ni mtu wa kompyuta, na niseme mapema kwamba watu wanaocheza gemu kwa pedi sikuwahi kuwaheshimu. Nina stesheneri hapa Ifakara. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, najazia watu maombi ya chuo na ya kazi, na wateja wakikatika mchana nacheza gemu kwenye kompyuta hiyohiyo. Kaka yangu yeye alikuwa na mashine ya gemu, ile ya kuchomeka kwenye televisheni ukashika pedi kwa mikono miwili. Aliinunua kwa mwenzake walipokuwa wote wakikata miwa upande wa Kidatu. Ugonjwa wa figo ulipomwachisha kazi akarudi kwa mama, na ukiacha redio na panga, mashine hiyo ndiyo kitu pekee cha maana alichorudi nacho.

Tulikuwa na gemu moja, yeye kwake, mimi kwangu. Ni gemu la nchi ya kubuni. Unamtengeneza mtu wako, unampa sura, unampa upanga, kisha unaingia naye kwenye nchi yenye majoka na wachawi na wafalme wasiopatana, unaishi naye humo miezi. Vijana wa mjini wanapenda gemu za mpira, dakika kumi mtu kafungwa kaondoka, kwa hiyo sisi walituona tumechanganyikiwa. Watu wazima wawili, mmoja na duka lake, mmoja na ndevu zenye mvi, tunazungumzia joka mezani mbele ya ugali.

"Dogo, unacheza au unaandika barua ya kuomba kazi?" aliniuliza kila aliponikuta nagonga kibodi. Nami nilimwambia anavyominya pedi ni kama anakamua mbuzi asiye na maziwa. Tulibishana hivyo kila siku ya Mungu. Nilimwambia kompyuta ina picha kali, ina nguvu, naweza kuingia kwenye mafaili ya gemu nikageuza ninachotaka. Hoja yake ilikuwa moja tu. "Kwenye pedi naweza kumtembeza."

Alimaanisha hivi. Kwenye kibodi ukibonyeza, mtu wako anakimbia, ukiachia anasimama. Pedi ina kijiti cha dole gumba. Ukikisukuma kidogo mtu anatembea taratibu, ukizidisha anaongeza mwendo, ukilegeza anapunguza. Nikamwambia hiyo ni hoja ya wastaafu.

Mtu wangu alikuwa kijana wa kifua, ana upanga mkubwa kuliko yeye, na gemu nililimaliza mara mbili. Mtu wa kaka alikuwa mzee wa mvi aliyevaa joho lililochanika begani. Dhahabu ya kwanza aliyoipata hakununulia silaha, alinunulia kibanda kando ya ziwa. Wafalme wakawa wanamsubiri awaokoe, yeye anavua samaki. Basi tu, kaka alikuwa hivyo.

Mama alikaa pembeni yake ungo mapajani, anachagua mchele. Kila baada ya muda aliinua macho. "Leo anakwenda wapi?"

"Anakwenda mjini kuuza samaki, mama."

"Na amekula?"

Kaka akamsimamisha mtu wake, akafungua mkoba, akamlisha mkate. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama hakucheka. Mzee yule alikuwa akimwita "wetu". Akirudi kutoka sokoni alisalimia, akatua mzigo, akauliza, wetu yuko wapi leo.

Figo zilipozidi kuchoka, mikono ya kaka ikaanza kuvimba na kutetemeka. Hospitali walisema asafishwe damu, na kusafisha kwenyewe si mara moja, ni safari isiyoisha. Akaenda, akarudi, akaenda, akarudi, halafu siku moja akasema harudi tena. Hatukumbishia sana. Hilo nalo linaniuma, lakini si hilo ninalotaka kulisema hapa. Pedi ikawa inamponyoka. Mama alikuwa akiiokota sakafuni, anaifuta kwa kanga, anamrudishia mikononi.

Mimi, mjuaji, nikaona nafasi yangu imefika. Nikamwambia njoo kwenye kompyuta, kule mkono mmoja unatosha. Akauliza, na mzee wangu? Nikamwambia mzee wako nitamhamisha, faili ni faili, kwa sasa anza na mtu mpya ujizoeze. Nikamleta dukani kwa bajaji, nikamkalisha kwenye kiti changu. Akabonyeza, mtu mpya akachomoka mbio akajigonga ukutani. Akabonyeza tena, mbio tena, mpaka mtoni.

"Huyu anakimbia kama kaiba," kaka alisema. Alijaribu tena kidogo kwa ajili yangu, nilimwona. Halafu akaiacha kibodi. "Nirudishe nyumbani, dogo."

Siku ya mwisho aliyocheza nilikuwepo, na mama alikuwepo. Mzee wake alikuwa ametoka mjini kuuza samaki, akapita njia ya kinamasi, mvua ya kwenye gemu ikaanza. Maji yalimfika magotini. Kaka alisukuma kijiti, dole likakataa. Akasukuma kwa kiganja, mzee akazunguka palepale mara mbili. Kaka akamsimamisha chini ya mti mkavu, akasevu ili gemu limhifadhi palepale, akaniwekea pedi mapajani.

"Mfikishe nyumbani," alisema. "Usimwache kwenye maji."

Kwenye bonde hili mtu hasemi maneno hayo kwa utani. Msimu wa mpunga watu wanahamia mashambani, wanajenga madungu ya kuamia ndege, wanakaa huko mpaka mavuno. Mto ukianza kupanda, swali la kwanza kila nyumba ni nani bado yuko ng'ambo. Tulipokuwa wadogo baba aliwahi kurudi na mtumbwi kumfuata bibi mmoja ambaye wala si ndugu yetu, kwa sababu tu alijua dungu lake liko upande wa chini. Mama aliposikia kaka akisema vile aliacha mchele akanitazama, akasubiri nijibu.

"Nitamfikisha," nikasema. "Dakika kumi tu hiyo."

Na kweli ilikuwa dakika kumi. Pedi iko mapajani, televisheni inawaka, nyumba ya mzee iko nyuma ya kilima kimoja. Sikuicheza. Niliona aibu kuhangaika na pedi mbele ya kaka baada ya miaka yote ya kumcheka, nijigonge kwenye miti kama yeye alivyojigonga dukani kwangu. Nikajiambia nitamhamishia kwenye kompyuta, nitamfikisha vizuri, kwa picha kali, kisha nitamleta kaka aone. Nikazima televisheni. Ngoja ngoja huumiza matumbo, tunaambiwa tangu darasa la kwanza. Kaka alifariki wiki mbili baadaye, asubuhi, mama akimkorogea uji.

Siku ya kuanua tanga shangazi yetu, dada yake baba, alitoka Mahenge kuja kusimamia ugawaji wa vitu vya marehemu. Kwetu kitu cha marehemu hakigawiwi hivihivi. "Asipewe mtu kitu chenye jasho lake," shangazi alisema, na sote tunalijua hilo. Nguo zinafuliwa zote, hata zile safi. Jembe na panga vinaoshwa, redio inafutwa, vinaanikwa juani, ndipo vinapata mwenyewe mpya. Wanawake walifua tangu asubuhi. Shangazi akaniuliza, na hiyo mashine nani ataisafisha? Nikasema niachieni, hiyo ni kazi yangu.

Niliisafisha kweli. Kwanza nikachomeka flashi, nikanakili faili la kaka. Nililiona limeingia, nikaona na ukubwa wake, nikaridhika, maana mimi ni mtu wa mafaili, watu wananiletea ya kila namna na sijashindwa kulifungua hata moja. Kisha nikafuta kila kitu. Nikamfuta kaka, yaani jina lake la kuchezea, nikairudisha mashine siku yake ya kwanza, mpaka ikaniuliza nataka lugha gani. Nikaifuta vumbi kwa spiriti. Nikafuta na pedi, pale kwenye kijiti ambapo dole lake lilikuwa limelainisha mpira. Nikaviweka juani kidogo pembeni ya mashati yake, na nilijisikia vizuri, nilihisi nimemtendea haki. Ikapewa binamu yetu wa Mlimba. Akaifunga kwenye blanketi akapanda nayo treni.

Kesho yake nilifungua duka mapema, nikachomeka flashi kwenye kompyuta. Faili lipo. Halifunguki. Nikalibadilisha jina, nikajaribu hili na lile, nikauliza watu mtandaoni. Wote wakanijibu kitu kimoja, wengine kwa dharau: mafaili ya mashine ya gemu hayafunguki kwenye kompyuta. Bwana, faili si faili. Nikampigia binamu, nikamwambia asiguse kitu, nakuja.

Nilienda na flashi mfuko wa shati, nikiishika kila gari liliporuka. Mpunga wa Mchombe ulikuwa umeshapata rangi, watu wako madunguni wanafukuza ndege. Binamu alinipokea vizuri, kuku alikuwa ameshachinjwa. Nikachomeka flashi hata kabla ya kunawa. Mashine ikalisoma faili, ikaliona, ikaniambia ni la mtumiaji mwingine, na mtumiaji huyo hayupo kwenye mashine hii. Nikatengeneza mtumiaji mwenye jina lilelile la kaka, herufi kwa herufi. Ikanijibu vilevile. Nilikaa pale nimeshika pedi iliyokuwa inanuka spiriti yangu mwenyewe.

"Pole, kaka," binamu alisema. "Si uanze tu upya?"

Sikumkasirikia. Nilikula kuku wake, nikarudi.

Mama hakuniuliza mara moja. Alingoja nimalize chakula, akakusanya vyombo, akasimama navyo mlangoni.

"Yule wetu, ulimfikisha?"

"Nilimfikisha, mama."

"Hakupata shida njiani?"

"Hakupata."

Akashukuru Mungu, palepale, kwa sauti. Ningeishia hapo uongo ungebaki mmoja. Lakini wiki iliyofuata akasema angependa kumwona, amwone tu amekaa kwake, na kwa kuwa mashine imekwenda Mlimba atakuja dukani. Mama yangu hajawahi kukaa mbele ya kompyuta isipokuwa siku ya kupiga picha ya bima.

Basi nikaanza kumtengeneza. Nilichonga pua, nikachonga taya, mvi nikazipata, macho yakanikataa. Gemu lina pua arobaini, na mimi sikuwahi kuitazama ya mzee yule hata mara moja, nilikuwa nacheka. Nikahangaika wiki nzima kupata dhahabu, nikamnunulia kibanda kilekile kando ya ziwa, na joho nikalitafuta mpaka nikalipata lililochanika. Siku moja nikapita naye kwenye kinamasi. Mti mkavu upo. Nilizunguka hapo kwenye maji muda mrefu, najua ni ujinga, mteja amesimama na karatasi zake ananingoja. Hakuna mtu chini ya mti.

Mama alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa kitenge chake cha kanisani. Nikamkalisha kwenye kiti kilekile nilichomkalisha kaka. Mzee alikuwa amesimama ufukweni. Nikabonyeza, akakimbia mpaka mlangoni, akasimama ghafla.

Mama alisogeza uso karibu. Alimtazama kama anavyotazama mchele kwenye ungo.

"Huyu siye."

"Ndiye, mama. Kompyuta ndiyo inamfanya aonekane tofauti."

"Wetu alikuwa anatembea."

Kompyuta nayo ina kitufe cha kutembeza, miaka yote hiyo sikuwahi kukigusa. Nikamrudisha ziwani, nikakibonyeza. Mzee akaanza kutembea, hatua zote sawa, mwendo mmoja, haongezi wala hapunguzi, mpaka mlangoni, mpaka ndani. Mama alimfuata kwa macho mpaka mlango ukajifunga. Mikono yake ilikuwa mapajani, imefumbatana.

"Kwa hiyo wetu bado yuko kwenye maji," alisema.

Nikamwambia ndiyo, mama, bado yuko kwenye maji. Ningemwambiaje kwamba hata huko hayupo, na kwamba aliyemfuta ni mimi.