Siku Niliyotua Milepa na Ovaroli la Wilibrodi

Niliwahi kukamatwa na mgambo kwa kosa la kutoka juu.

Siyo juu mlimani. Hewani.

Chekeni tu. Ilikuwa Agosti 1979. Mimi Atuganile, mtoto wa Tukuyu, nilikuwa mpiga chapa wa mradi wa maji Sumbawanga. Miaka ishirini na tatu, mdomo hauna breki.

Pale ofisini alikuwapo mzungu wa visima, Anders. Sisi tulimwita Andasi. Alikuwa na bawa kubwa la kitambaa na mabomba ya alumini. Jumapili analipeleka ukingoni, pale uwanda wa juu wa Ufipa unapokatika ghafla na bonde la Rukwa linaonekana chini kabisa. Anakimbia, anaruka, anaelea kama mwewe.

Injini hakuna.

Dereva wetu, Wilibrodi, alitamba kila siku: "Mimi na Andasi ni damudamu. Akitaka mtu wa pili, ni mimi."

Jumapili moja tukaenda watatu. Andasi akasema, "Leo bawa linabeba wawili. Nani?"

Wilibrodi akachungulia bondeni. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Sasa nikiruka mimi, gari la serikali litabaki na nani?"

"Nipe ovaroli lako la gereji," nikamwambia. Nikalivaa juu ya gauni.

Andasi akanifunga mikanda. Akaikagua. Akaikagua tena. Akanining'iniza kwenye bawa tukiwa bado chini, aone kama imeshika. Akanionyesha mwavuli wa akiba wa kurukia kifuani pake. Kisha akatulia akitazama utepe aliofunga kwenye fimbo, anasubiri upepo. Nusu saa nzima!

"Kama unaogopa, sema sasa. Tukianza kukimbia, usisimame. Kimbia mpaka ardhi iishe."

Tukakimbia.

Ardhi ikaisha.

Nyie! Nilimwita mama, nikamwita bibi, nikawaita na waliokwisha kufa.

Halafu kimya. Upepo tu kwenye nyaya za bawa. Ziwa linang'aa kule mbali, ng'ombe wadogo kama punje za maharage. Ndege mmoja akaja ubavuni, akanitazama kama anauliza, huyu naye katoka wapi? Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka machozi.

Tukatua kijiji cha Milepa, kule bondeni, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, kwa magoti, lakini wazima.

Kabla sijasimama, mgambo sita na marungu.

Vita ya Kagera ilikuwa imeisha juzi tu. Mzungu na mwanamke mwenye ovaroli wanadondoka kutoka mawinguni, wewe ungefikiri nini?

Tukapelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kasimiri, aliyekuwa akisimamia ufyatuaji wa matofali ya shule.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmetoka wapi?"

"Sumbawanga."

"Na gari gani?"

"Hatukuja na gari, mzee. Tumeruka."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Andasi akatoa mfukoni kibali cha gari kutembea Jumapili, chenye jina lake na namba ya gari. "Gari linakuja," akasema. "Dereva wetu anatujua."

Tukakaa chini ya ulinzi. Saa nane na nusu Wilibrodi akatokea, vumbi mpaka kwenye kope. Akaona marungu. Akaona tumekalishwa chini.

"Unawafahamu hawa?" akaulizwa.

Wilibrodi akatutazama mmoja mmoja.

"Hapana. Mimi nilikuwa napita tu."

Jamani!

Mzee Kasimiri akasoma kibali, akaenda nyuma ya gari, akasoma namba. Akarudi polepole.

"Kijana, gari hili ni la huyu mzungu. Wewe humjui. Na sasa ni Jumapili imepita saa nane, amri ya kubana mafuta inasema hakuna gari kutembea bila kibali. Umeliiba?"

Wilibrodi akanigeukia, jasho linamtiririka. "Atu! Dada Atu, waambie!"

"Binti," mzee akasema, "unamjua huyu?"

Nikamtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Simjui, mzee."

Andasi akajikohoza. Sisi tukaachiwa, Wilibrodi akavuliwa viatu na kuingizwa kwenye shimo la tope la matofali.

Tulifika kona ya kwanza, Andasi akasimamisha gari. Akanitazama.

"Haya, geuza," nikasema.

Tulimkuta Wilibrodi katika tope mpaka magotini, kina mama wanamwimbia.

"Mzee, nimemkumbuka," nikasema kwa aibu. "Ni dereva wetu."

"Najua," akajibu Mzee Kasimiri. "Mradi wenu uliniletea barua juzi, kuhusu mzungu na bawa lake. Sikuwaambia mgambo."

"Sasa kwa nini umetuweka chini ya ulinzi?"

"Nilitaka kulitazama bawa vizuri. Huyu yeye kajikamata mwenyewe." Akachungulia shimoni. "Akifikisha matofali mia mtamchukua. Bado tisini na saba."

Wajukuu huniuliza kama kuruka vile si hatari. Nawaambia, mtu anayekagua mkanda wako mara tatu, ruka naye. Anayetangaza kila siku kwamba mko pamoja, mwache kwanza afyatue matofali.