Herufi ya Mvua

Nakumbuka siku moja, mwanangu, njia ya mlima wa Bustan, hapa Maskati, imelowa chapachapa kwa mvua, mama yangu kakaa kiti cha mbele katika gari ya shemegi yangu Nasor, na mimi nawafuata nyuma roho mkononi.

Wiki ile ile, kabla ya mvua, nilikwenda na Nasor dukani, mjini Sib, kununua matairi. Mimi sikusoma sana. Nilianza na pikapu moja kuukuu ya kubebea mchanga, leo malori yangu yanajaza uwanja. Lakini herufi nazijua. Kila tairi jipya lina stika, ni lazima kwa sheria: herufi moja ya ulaji wa mafuta, moja ya breki kwenye njia iliyolowa, na alama ya kelele. A ndiyo bora. Nikachagua A ya mvua. Nasor akacheka.

"Shemegi, tairi nalo lina stika kama friji? Na mvua yenyewe hapa Maskati utaiona wapi?"

"Ikija itakukuta barabarani," nikamwambia.

Akachukua yanayong'ara, stika akazibandua bila kuzisoma.

Basi kule mlimani gari moja mbele yetu ikasimama ghafla. Nasor akakanyaga breki, na mimi nikakanyaga. Yangu ikasimama. Yake ikaendelea, inateleza ubavu kuelekea ukingoni. Mwanangu, mimi nimelala jangwani peke yangu, lakini sijapata kuogopa vile. Ikagonga chuma cha ukingo, ikatulia, gurudumu moja liko hewani.

Nikakimbia. "Nasor, usitikisike." Nikafungua mlango, nikamshika mama.

"Usinivute kama gunia," akasema, huku anatetemeka. "Na huyu mtoe. Dada yako anamngoja."

Nikamtoa.

Sasa nisikilize. Muuzaji atakusifia tairi lolote alilonalo. Stika imefanywa lazima ili usitegemee mdomo wake. Isome kabla haijabanduliwa, na uanze na herufi ya mvua. Kwetu mvua ni chache, kwa hiyo vumbi na mafuta hujikusanya njiani, na siku ikinyesha lami inakuwa sabuni. Herufi nzuri haikupi ruhusa ya kukimbiza gari. Inakufupishia masafa ya kusimama, na siku ile Nasor alikosa ufupi huo tu.

Mola akutangulie kila njia unayoshika, akurudishe mzima kwa wanaokungoja, na mama yako asiteremke garini mwako akitetemeka. Amin.