Duara na Kisanduku Mbele ya Shangazi

Niseme wazi tangu mwanzo kwamba mimi nilikuwa wa Duara. Kama wewe ni wa Kisanduku, nivumilie tu, maana anayesimulia hapa ni mimi.

Majina hayo tuliyatunga wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini Kisii. Pale sokoni palikuwa na mama mmoja aliyeuza magazeti ya zamani kwa kilo, wenye maduka wakayanunua kufungia sukari na wauza nyama kufungia nyama. Familia za Kihindi zilizokuwa zikihama zilimwachia marundo, na ndani ya marundo hayo mlikuwa na vitabu vya picha kutoka Marekani, vya watu wenye nguvu za ajabu: wanaoruka angani, wanaopenya ukuta, wanaoinua lori kama debe tupu. Kampuni zilizovichapa zilikuwa mbili, na ukisoma vizuri uliona kwamba hazipendani. Moja iliweka alama ya duara pembeni mwa jalada. Nyingine iliweka kisanduku chenye picha ndogo ya shujaa.

Siku nilipokutana na mwalimu mmoja wa Nyamira tulikuwa tumeshika fungu moja la vitabu hivyo, yeye upande huu, mimi upande ule. Nikamwambia aachie. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama sioni haya msichana mzima kugombania vitabu vya watoto. Nikamuuliza, na wewe je, mwalimu wa watu? Mwishowe tukagawana. Yeye akachukua visanduku vyote, mimi maduara yote, na kila mmoja akaenda zake akiamini amempunja mwenzake.

Baada ya hapo tukaanza kuazimana, na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Saa ya chakula cha mchana, mkubwa wangu akiwa ametoka, nilipiga taipu hoja zangu kwa mashine ya serikali na kuzichomeka ndani ya kitabu. Zilirudi zimesahihishwa kwa wino mwekundu. “Hoja ya tatu haina ushahidi.” “Rudia.” Ati rudia! Mtu akikuandikia hivyo unaweza kumpenda au kumtupia jiwe, na mimi nilitaka yote mawili.

Ubishi wenyewe ulikuwa huu. Watu wa Duara waliishi katika miji isiyokuwepo kwenye ramani yoyote. Niliitafuta kwenye atlasi nikaikosa. Walikuwa wema tangu ukurasa wa kwanza, na shida iliyoanza katika kitabu iliisha katika kitabu hichohicho. Watu wa Kisanduku waliishi katika jiji la kweli, wote humohumo, hata ukimfuata mmoja unamwona mwingine akipita kule nyuma, anaenda kwenye hadithi yake. Walishikwa na mafua. Waligombana wao kwa wao kama wake wenza. Walipata nguvu kwa ajali, halafu wakazilalamikia kurasa kumi nzima. Nilimwandikia mwalimu kwamba shida za Kisii zinanitosha, za Marekani nizinunue za nini? Akanijibu kwamba shujaa asiyeumwa hata na jino hana la kuwafundisha watoto wake wa darasa la sita.

Lililonisumbua zaidi, na linanisumbua mpaka leo, ni kwa nini hawakukutana. Marekani ni hiyohiyo moja, mbingu ni hiyohiyo. Jitu likija kuimeza dunia upande wa Kisanduku, mbona wa Duara hawaoni hata kivuli chake? Mwalimu alisema hizo ni dunia mbili. Nikamwambia upande wetu peke yake una dunia mbili tayari, kila moja ina nakala yake ya watu walewale, kwa hiyo jumla ni tatu. Akaandika kwa wekundu: “Hii ni nzuri.” Karatasi hiyo niliilalia wiki nzima.

Basi, mambo yakaenda yakaenda, mwaka ukapita, mwalimu akasema anataka kutuma wazee wake kwetu. Nilimtaka. Sikujitia hamnazo, nilimtaka sana. Lakini kwetu wazee hawaji hivihivi. Hutangulia mtu wa kati, tunamwita esigani, anayechunguza nyumba ya upande wa pili, na upande wetu kazi hiyo ilimwangukia shangazi, dada yake baba. Esigani haangalii kwanza mashamba wala ng’ombe. Anaangalia kama nyumba hiyo ina uchawi. Akirudi akasema upo, mazungumzo yameisha, hata kijana awe malaika.

Shangazi alikwenda Nyamira, akakaa huko kutwa, akarudi. Kesho yake alinikuta kwenye shamba letu nikichuma pareto, akaanza kuchuma mstari wa pili kando yangu. Alikuwa hajasema neno kwa mama.

“Huyo mwache,” akaniambia. “Ukuta wote wa nyumba yake amebandika wachawi.”

Nilielewa mara moja. Wengine hubandika magazeti ukutani kuzuia baridi. Yeye alibandika kurasa za Kisanduku zilizochanika.

“Tena amenieleza mwenyewe, kwa furaha,” shangazi akaendelea. “Huyu wa ukutani, mchana ni mtu wa kazi yake tu. Usiku anavua nguo, anafunika uso, anatokea dirishani, anapita juu ya mapaa ya watu. Nikamuuliza, wa nyumbani kwake wanajua? Akasema hawajui, hiyo ndiyo siri yenyewe. Sasa wewe uliyesoma hebu niambie, mchawi ni nani kama si huyo?”

Muda wote huo wa kusoma sikuwa nimeliona jambo hilo, na lilikuwa limekaa pale peupe. Nilitamani kukimbilia taipu nimwandikie mwalimu. Kisha nikakumbuka kwamba ni mwalimu mwenyewe anayekaribia kunitoka mikononi, na hofu ikanishika. Kumtetea ningeweza. Lakini ningesema nimeyajulia wapi hayo?

Nikamchukua shangazi mpaka chumbani kwangu. Chini ya kitanda nilikuwa na sanduku la bati lenye kufuli. Mama aliwahi kuniuliza lina nini nikamjibu ni karatasi za ofisi, na hakuuliza tena. Yeye ni mtu wa kanisa, Msabato wa kweli, nami sikutaka maneno. Nikalifungua. Shangazi akaketi kitandani, akafunua kitabu kimoja, kisha cha pili, kama anayechambua mboga.

“Wanatoka usiku kufanya nini?”

“Kuokoa watu.”

“Na uso wanauficha kwa nini?”

“Maadui wasiwajue.”

“Hata mchawi angesema hivyo.”

Hapo ikabidi mimi, wa Duara damudamu, niwatetee Kisanduku. Nikamwambia kwamba katika vitabu vya mwalimu wapo wanaokaa wazi, uso wazi, jina liko mlangoni, wakikosea majirani wanawazomea. Yule aliyemwona ukutani ni mmoja tu, na kujificha kwenyewe kunamnyima usingizi. Niliwasifu mpaka nikajisikia msaliti.

“Na hawa wako wa duara?”

“Wengi wanajificha.”

“Hata kwa mchumba?”

“Hasa kwa mchumba.”

“Tangu lini?”

“Tangu kabla sijazaliwa.”

Shangazi akakifunga kitabu, akanitazama mimi, akalitazama lile kufuli. “Basi mchawi hayuko Nyamira,” akasema, na mdomo ukamcheza kidogo. “Nitasema sikuona kitu kule. Lakini mama yako siwezi kumpelekea habari nusu. Haya ya kwako mwambie wewe, sasa hivi, kabla sijaketi naye.”

Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi, mikono imejaa utomvu. Niliweka sanduku mbele yake, nikasema yote kwa mkupuo mmoja: vitabu, soko, hoja za taipu, wino mwekundu, ukuta wa Nyamira. Akajifuta mikono kwa leso, akachukua kitabu cha juu, akakifunua polepole. Kiingereza hakujua, lakini picha alizitazama moja moja.

“Huyo mwalimu anajua unavyo?” akauliza.

“Anajua.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza.”

“Na wewe ulijua vya kwake?”

“Siku hiyohiyo.”

Akatikisa kichwa kukubali, akanirudishia kitabu, akaokota kisu chake. Akasema nimwambie mwalimu wazee wake waje. Nikasimama nitoke mbio kumwambia shangazi.

“Kwa hiyo nyinyi hamkufichana,” mama akasema, macho yake kwenye ndizi. “Aliyefichwa ni mimi.”

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja.