Asipite Goti, Asiloweshe Zulia

Asubuhi imeshachangamka, harufu ya sabuni inapanda ngazini kutoka nyumba za chini, na Mama Kikapu amepiga magoti kwenye korido ya ghorofa ya tatu, shavu lake likikaribia kugusa sakafu. Ananusa.

"Hapa pamepigwa sabuni tu," anasema, akigonga kigae kwa ukucha. "Pua yangu mimi haipati kitu. Yake yeye inapata mkutano mzima."

Anamimina siki na maji kwenye kitambaa, anasugua pale pale, kisha anapakausha kwa gazeti kuukuu. Pembeni yake ameketi mwenye pua hiyo: mbwa mdogo mwenye rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama, jingine limelala. Jina lake Kifungo. Alipewa kwa sababu ya pua yake, nyeusi na ya mviringo kama kifungo cha koti.

Leo si siku ya kawaida katika nyumba hii. Mwenye nyumba anakuja kumkagua mbwa. Aliweka masharti mawili, akayatamka ngazini mbele ya majirani ili yasisahaulike: mbwa asipite goti, na asiloweshe sakafu wala zulia la ngazi. Likivunjika moja, mbwa ahame.

"Hakusema goti la nani," anasema Mama Kikapu, akinyanyuka kwa kujishika kiuno. "Na yule baba ni mfupi."

Kazi ya mama huyu ni kufundisha mbwa wadogo chotara, wanaoishi ghorofani na vyumba vya kupanga, kujisaidia ndani ya nyumba mahali pamoja bila kuhangaisha watu. Kazi yake ya pili, ambayo watu humwulizia hata kabla ya salamu, ni kutazama kitoto cha mbwa kisichojulikana baba yake na kusema kitafika ukubwa gani.

Miaka ya nyuma alikuwa mfanya usafi katika kliniki ya mifugo. Huko ndiko alikowaona mbwa wadogo wakirudishwa na wenyewe, wengine ndani ya maboksi, kama viatu visivyowatosha.

"Hawakuwa wagonjwa," anasimulia. "Daktari anawapima, hana cha kuandika. Kosa lao ni mkojo. Nikasema, jamani, hata sisi tulifundishwa. Hakuna aliyezaliwa anajua choo kiko wapi."

Akaanza na mmoja nyumbani kwake. Mume wake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa seremala. Alimtengenezea trei ya mbao yenye ukingo mfupi upande mmoja ili miguu mifupi isikwame. Trei hiyo bado anatembea nayo. Mbao zimepauka, lakini misumari haijacheza.

"Alinicheka siku ile," anasema. "Akaniambia, mke wangu, nimetengeneza vitanda, nimetengeneza majeneza, leo natengeneza choo cha mbwa. Lakini alikipiga randa kama kabati la bibi harusi."

Kipato chake ni cha kupanda na kushuka. Mwezi wenye mbwa watatu analipa kodi na kubakiwa na akiba. Mwezi wa mbwa mmoja anafua nguo za watu. Hajutii.

Mbinu zake si siri. Mbwa akiamka, akila, akimaliza kucheza, apelekwe mahali pake hapo hapo. Gazeti lililolowa kidogo libaki chini ya jipya, harufu imwite. Akifanya vizuri apewe kipande cha nyama akiwa bado amesimama pale, si baadaye sebuleni. Akikosea, pasafishwe kwa siki, na mtu afunge mdomo.

"Kuna watu humsukumia mbwa pua kwenye mkojo," anasema. "Hapo umemfundisha kitu kimoja tu, kwamba wewe ni mtu wa ajabu."

Na jina la Mama Kikapu? Hilo alipewa kwa dhihaka, naye akalivaa. Zamani alimwapia kinyozi mmoja kwamba kitoto chake cha mbwa kingeishi ndani ya kikapu mpaka uzee. Kikakua kikawa dume la kulingana na ndama. Leo hii wateja wa kinyozi wanagawana benchi nalo. Kinyozi akimwona mama anapita humwita toka mlangoni, "Mama Kikapu, kikapu changu kimefika?"

"Nilitazama nyayo," anasema huku akicheka. "Nikaona ni ndogo, nikatangaza. Nyayo hudanganya. Siku hizi namtafuta mama mtu nimwone kwa macho. Halafu namning'iniza."

Kumning'iniza ni kumtia mbwa kikapuni na kukitundika kwenye mizani ya ndoano, ile ya wauza nyama. Anarudia kila wiki. Kitoto hupanda uzito haraka, kisha mwendo unapungua. "Mdogo hupunguza mapema. Wa kuwa mkubwa, unamwona bado anakwea kama mtu aliyesahau kitu juu."

Kifungo aliletwa katika nyumba hii na msiba. Aliyepanga nyumba hii ni fundi cherehani, mwanamke mpole ambaye hushika pini mdomoni hata anapoongea. Mbwa alikuwa wa mama yake mzazi, aliyeishi peke yake baada ya watoto kuoa na kuolewa. Mama alipofariki, ndugu waligawana vyombo. Kaka mtu akapendekeza mbwa apewe mlinzi wa ghala.

"Nikasema hapana, huyu nakwenda naye," anasema fundi. "Mama ameshaondoka. Sikutaka na mbwa wake aondoke, tena kwa sababu ya mkojo."

Lakini mkojo ulikuja kweli. Kila mara Kifungo alitembea mpaka mlango wa choo, akaketi kizingitini, akatazama ndani. Mlango wazi, trei inaonekana, gazeti limetandikwa. Hakuingia. Alilia kidogo, akazunguka, mwishowe akaenda kumalizia kwenye zulia.

Fundi akamwita Mama Kikapu, naye akaja na imani zake zote. Akadhani mbwa anaogopa vigae, akatandika gunia. Akadhani trei iko mbali, akaisogeza. Akambeba kumwingiza, mbwa akanywea, akatoka mbio kama aliyefumaniwa.

"Nilianza kujiuliza maswali," anakiri. "Mbwa asiyejua choo haendi chooni. Huyu alikuwa anakwenda. Kilichomsimamisha mlangoni ni nini?"

Jibu lililetwa na jirani aliyefuata gauni lake. Kifungo alikuwa ameketi kizingitini kama kawaida. Mama Kikapu alikuwa amemkodolea macho. Jirani akasimama nje ya nyumba akaita, "Hodi!"

"Karibu!" fundi akaitikia kutoka jikoni.

Kifungo akanyanyuka, akavuka kizingiti, akapanda trei, akajisaidia. Akatoka akitikisa mkia.

"Mimi nilikaa chini," anasema Mama Kikapu. "Nikamwambia fundi, hebu rudia ulichosema."

Fundi pini zilikuwa zimemdondoka mdomoni. Alikuwa amekumbuka choo cha kwao. Komeo lake lilikatika zamani, na mama yake akakataa kuweka jingine. Alisema adabu haihitaji komeo. Mtu yeyote, awe mtoto au mgeni, alipaswa kupiga hodi mlangoni pale na kungoja, hata kama anajua hakuna mtu ndani. Mama mwenyewe ndiye aliyejibu, popote alipokuwa nyumbani humo.

"Tulipokwisha kuondoka, kumbe sheria ilibaki," anasema fundi. "Mbwa naye aliwekewa."

Anakunja kitambaa mapajani, anakikunjua.

"Kuna kitu kingine. Nilikuwa nikimpigia simu, katikati ya mazungumzo namsikia anasema, karibu, baba. Nikawa namwambia, mama, una mgeni, nitakupigia baadaye. Nilifurahi kwamba anatembelewa, hakai peke yake. Kumbe alikuwa anamjibu mbwa."

"Basi hakuwa peke yake," Mama Kikapu anamwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye siki yake.

Tangu siku ile kukawa na sheria mpya. Neno "karibu" ni la Kifungo, mlangoni pa choo tu. Wageni wa mlango mkubwa wanaambiwa "pita". Majirani wamelalamika. Mmoja alikwenda akitangaza ngazini kwamba kwa fundi wa juu siku hizi wateja wanaambiwa pita, anayekaribishwa ni mbwa.

Lakini zulia limekauka. Korido haijalowa tena. Alama ambayo Mama Kikapu anaisugua asubuhi hii ni ya zamani, na anaisugua ili isimkumbushe mtu wala mbwa.

Hatua zinasikika ngazini, nzito na zisizo na haraka. Fundi anaweka mkasi mezani. Kifungo yuko kizingitini pa choo, ameketi, anangoja.

"Hodi humu ndani," inasema sauti ya mwenye nyumba.

Fundi anamtazama Mama Kikapu. "Pita, baba," anaitikia.

Mlango uko wazi, na mwenye nyumba amesimama nje yake, kofia mkononi.

"Hodi," anarudia.

"Pita tu, baba. Pita ndani."

"Mwanangu," anasema mwenye nyumba taratibu, "nyumba ni yangu lakini mwenyeji ni wewe. Kupita hupita hata upepo. Mimi sijakaribishwa."

Hapindi. Huku mzee amesimama kwenye kizingiti kimoja, kule mbwa ameketi kwenye kingine, na fundi katikati na futi ya kupimia ikiwa imemning'inia shingoni. Mama Kikapu anaziba mdomo kwa kiganja.

"Karibu," anasema fundi.

Wanaingia wote wawili. Mwenye nyumba anavuka kuja sebuleni, Kifungo anavuka kwenda chooni. Mzee anasikia mchirizo mdogo kwenye gazeti, anageuza shingo, anaona mkia ukitoka mlangoni.

"Amefanya nini?"

"Amekwenda haja, baba. Alikuwa anangoja ruhusa, kama wewe."

Mwenye nyumba anakwenda kuchungulia. Anatazama trei, anatazama vigae vikavu, anarudi. "Ana adabu kuliko wapangaji wangu wa chini," anasema. "Anaitwa nani?"

"Kifungo."

"Cha miaka mingapi?"

"Hicho utakitaja wewe," anadakia Mama Kikapu.

Mzee anakohoa kuficha tabasamu. Limebaki goti. Anasimama wima katikati ya sebule, Kifungo anaitwa, anakuja kujipanga kando ya suruali ya mzee na kuinusa. Mgongo wake uko chini ya goti, ingawa si chini sana.

"Leo hajapita," anasema mwenye nyumba. "Na kesho? Kinyozi amenipa habari zako, mama. Ameniambia habari za kikapu."

"Amekuambia kweli. Yule sikumwona mama yake. Wa huyu nimemfuata mpaka anakokaa. Anapita chini ya kiti bila kuinama. Na huyu mwenyewe mizani imesimama. Namning'iniza, namning'iniza, sindano iko pale pale. Amekwisha kukua, mzee wangu. Kikiongezeka kitu ni manyoya."

"Una hakika?"

"Ningekuwa sina, ningekuomba uvae viatu vya kisigino."

Fundi anainamisha kichwa kwa aibu, lakini mwenye nyumba ndiye anayeanza kucheka, kicheko kifupi cha mtu asiyekitumia mara kwa mara. Anavaa kofia yake.

"Akae," anasema. "Ila zulia langu likilowa, najua mlango nitakaobisha."

"Na utakaribishwa," anasema fundi.

Kifungo anageuza kichwa, anasikiliza neno lile lilivyonyooshwa, anaona si lake, anarudi kulala chini ya cherehani.

Mama Kikapu hamwachi mwenye nyumba ashuke hivi hivi. Anamfuata ngazini na trei kwapani. Chini kuna chumba kilichokuwa duka, sasa kimefungwa, kina bomba la maji na sakafu ya saruji. Amekiona zamani. Anakitaka kiwe shule ya mbwa wadogo chotara, wafundishwe kabla hawajapelekwa ghorofani, wapimwe kila wiki, na wenye nyumba waje wenyewe kuona magoti yao yamesalimika.

"Chumba cha mbwa?" anauliza mwenye nyumba.

"Cha watu na mbwa wao. Kodi nitalipa, na kusafisha unajua nasafisha."

Mzee hajakubali, hajakataa. Amesema ataleta ufunguo kesho, chumba kitazamwe. Mama Kikapu anahesabu hilo kuwa ndiyo.

Kuna somo moja ambalo atalianzisha humo, na limetokana na Kifungo. Kila mwenye mbwa atachagua neno lake, kisha atamfundisha mtu mwingine, ndugu au jirani, neno hilo hilo. "Sisi tunaondoka," anasema. "Mbwa asiachiwe kimya. Vyombo vinagawanywa, kwa nini neno lisigawanywe?"

Amerudi juu kuchukua kikapu chake. Mlango wa nyumba bado uko wazi. Cherehani imeanza kulia, na Kifungo amekwenda tena kuketi kizingitini. Fundi hainui macho kwenye mshono.

"Karibu, baba," anasema.

Ni mara ya kwanza anaongeza neno hilo la pili. Mama Kikapu anasubiri mpaka mbwa atoke, ndipo anajitwika kikapu na kushuka. Ngazini anasema chumba kile atakipaka chokaa na rafu ya trei ataiweka ukutani, ya mumewe ikae juu. Ila mlango atauacha kama ulivyo, hatauwekea komeo.

"Atakayetaka kuingia," anasema, "apige hodi angoje."